Pointi 6 za Udaktari: Zilitoka Wapi, na Zinakwambia Nini?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali huwa ni lile lile, liulizwe Upanga au Mabwerebwere: "Nimesoma PCB, nimepata hizi, je, udaktari naupata?" Majibu nayo hayachelewi. Mmoja anasema, "Unapata, kiwango ni pointi 6 tu." Mwingine anamkatisha, "Thubutu! Bila wani ya 5 kushuka chini usijisumbue." Cha ajabu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Mmoja anazungumzia mlango, mwingine anazungumzia foleni iliyoko mlangoni.

Kwa mtoto wa Mabwerebwere, kata ya wilayani Kilosa, jibu hilo si la kupigia soga kijiweni. Kila chuo kina ada yake ya maombi. Kuna bando la kuingia kwenye mifumo, kuna siku zinazohesabika kabla dirisha halijafungwa. Akidanganywa kwamba hawezi, anaacha kuomba nafasi ambayo pengine ilikuwa yake. Akidanganywa kwamba lazima atapata, anaomba chuo kimoja tu, halafu mwaka unampita. Kwa hiyo tuifanye kazi hii taratibu: kwanza historia, kisha hesabu, kisha tuone hesabu hiyo inafika wapi na inaishia wapi.

Zamani, mlango ulikuwa Uganda

Kabla ya uhuru, Tanganyika haikuwa na chuo cha kufundisha madaktari. Serikali ya kikoloni ilifundisha watu wa ngazi za chini: madresa wa kufunga vidonda, wauguzi, wasaidizi wa tiba. Aliyetaka kuwa daktari kamili alipaswa kufika Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya tiba yalianza mwaka 1924 katika hospitali ya Mulago. Na kufika Makerere kulitaka kwanza ufike shule chache sana, ya serikali kule Tabora ikiwa mojawapo, kisha ufanye mtihani wa kuingilia Makerere na kuushinda.

Hapa tunakutana na jambo la kwanza la kushika: uwezekano wa kuwa daktari haukuamuliwa na mtihani peke yake. Ungekuwa na akili kama moto wa nyika, kama hapakuwa na shule ya kukufikisha kwenye chumba cha mtihani, mtihani haukukuhusu. Mtoto wa vibarua wa mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba hakufeli mtihani wa Makerere. Kwa kawaida hakuuona kabisa.

Wachache waliopita walikuwa wachache kweli. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba tulipopata uhuru mwaka 1961, nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12 na wahandisi 2. Mmoja wa madaktari wa kizazi hicho cha Makerere ni Dk. Vedast Kyaruzi, aliyekuwa rais wa chama cha TAA mwaka 1950. Wakoloni hawakupendezwa na siasa zake, wakamhamisha kutoka Dar es Salaam kwenda Kingolwira, Morogoro, kisha Nzega. Daktari alikuwa mtu adimu, na sauti yake ilisikika mbali.

Mlango unajengwa nyumbani

Mwaka 1963 shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam, katika hospitali iliyoitwa Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu. Mwaka 1976 kitivo na hospitali vikaunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Mwaka 1991 kikazaliwa chuo kikuu kishiriki, MUCHS. Na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS. Kwa zaidi ya miaka 30 ya mwanzo, ukisema "kusomea udaktari Tanzania" ulikuwa unasema Muhimbili. Mlango ulikuwa mmoja.

Wakati huo huo mtihani wenyewe ulikuwa unabadilisha mwenyewe. Awali mitihani yetu ya sekondari ilisimamiwa na Cambridge, kule Uingereza, kisha likaja baraza la mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa katika baraza hilo mwaka 1971, na mwaka 1973 ikatunga sheria ya kuanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Tangu hapo, karatasi inayoamua nani awe daktari wetu inatungwa na kusahihishwa hapa hapa.

Halafu likatokea jambo ambalo wanafunzi wengi wa leo hawalijui. Novemba 1974, TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma. Likasema kwamba kufaulu kidato cha sita hakutoshi kukupeleka chuo kikuu moja kwa moja. Utakwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha utafanya kazi, kisha utaombewa na kupendekezwa na kazini kwako na chama. Yaani, maksi zako ni kitu kimoja, na mwenendo wako mbele ya wenzako ni kitu kingine, na vyote viwili vinapimwa.

Wazo halikuwa la kipuuzi. Swali lililokuwa nyuma yake bado liko hai: mtihani wa saa tatu unajuaje kama mtu huyu atakubali kukaa kwenye kituo cha afya kijijini, usiku, taa ikiwa imezimika? Lakini utekelezaji ulikuwa na madhara. Wasichana waliathirika zaidi, kwa sababu miaka ya kusubiri ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa na kulea. Mwaka 1976 wasichana wakaruhusiwa kwenda chuoni bila kungoja, na baadaye sharti lenyewe likalegea hadi likaisha. Mapendekezo ya mabosi na chama nayo yalikuwa na udhaifu unaoeleweka: mtihani haujui wewe ni mtoto wa nani, lakini bosi anajua.

Tukarudi kwenye pointi. Hatukurudi kwa sababu zinapima kila kitu. Tulirudi kwa sababu kila mtu anaweza kuzikagua.

Milango inakuwa mingi, foleni inakuwa moja, kisha nyingi tena

Katikati ya miaka ya 1990 hali ilibadilika. Mwaka 1995 liliundwa baraza la ithibati la elimu ya juu na vyuo binafsi vikaruhusiwa. Mwaka 1997 zilianza KCMC kule Moshi kama chuo cha tiba, na Chuo Kikuu cha Kairuki jijini Dar es Salaam. Bugando, Mwanza, ikafuata mwaka 2003. Mkoani kwetu Morogoro, Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko kikaanza Ifakara mwaka 2010. Kwa mtu wa Kilosa hilo ni jambo kubwa: ukishafika Mikumi, unashika barabara ya Kidatu, unatokea Ifakara.

Mwaka 2005 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilichukua nafasi ya lile baraza la ithibati. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 ikaendesha udahili wa pamoja: unaomba mara moja, unapanga vyuo kwa jinsi unavyovipenda, mfumo unakugawa. Mwaka 2017 utaratibu huo ukaachwa, vyuo vikaanza tena kupokea maombi vyenyewe, kwa awamu, TCU ikibaki mkaguzi. Mabadiliko haya ya kiofisi yanaonekana madogo, lakini utaona hapa chini kwamba yanabadilisha kabisa jinsi ya kukadiria nafasi yako.

Hesabu mbili zinazotembea kinyume

Sasa tuingie kwenye pointi zenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapojichanganya. Cheti cha kidato cha sita kinasomwa kwa mizani mbili.

Mizani ya kwanza ni ya NECTA, ya divisheni. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Unajumlisha masomo matatu ya kombi yako. Pointi 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu. Hapa kidogo ndiyo kizuri.

Mizani ya pili ni ya udahili. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Hapa kikubwa ndicho kizuri.

Ukiziangalia kwa makini utaona kitu kizuri. A ni 1 huku na 5 kule: jumla 6. B ni 2 na 4: jumla 6. C ni 3 na 3: 6. Hadi E, ambayo ni 5 na 1: 6 tena. Kwa hiyo kwa masomo matatu, jumla ya mizani zote mbili daima ni 18, alimradi hakuna somo lililoshuka chini ya E. Kanuni yako ni hii:

Pointi za udahili = 18 toa pointi za divisheni.

Una wani ya 7? Una pointi 11 za udahili. Jaribu kwa BBC: divisheni ni 2 + 2 + 3 = 7; udahili ni 4 + 4 + 3 = 11. Sawa kabisa.

Na zile pointi 6? Kwa miaka ya karibuni, mwongozo wa TCU umekuwa ukitaka mwombaji wa udaktari wa binadamu awe na ufaulu wa kiwango cha juu, ule wanafunzi wanaouita prinsipo, yaani E au zaidi, katika Fizikia, Kemia na Biolojia, na jumla isiyopungua pointi 6. Toa 6 kwenye 18, unapata 12. Yaani kizingiti cha udaktari ni divisheni ya pili ya 12, ukingo wa mwisho kabisa wa divisheni hiyo. Ukiwa na tuu ya 12 unagusa kizingiti. Ukiwa na thrii ya 13 umeshatoka nje.

Lakini chunga mtego mmoja. Tuseme una B ya Biolojia, C ya Kemia na S ya Fizikia. Divisheni yako ni 2 + 3 + 6 = 11, divisheni ya pili, nyumbani wanachinja kuku. Pointi za udahili ni 4 + 3 + 0.5 = 7.5, zimepita 6. Hata hivyo huna sifa, kwa sababu S si prinsipo, na udaktari unataka prinsipo tatu. Jumla imepita, somo moja limekwama. Ndiyo maana mwongozo husomwa mpaka mstari wa mwisho, pamoja na madaraja unayotakiwa kuwa nayo somo kwa somo, na usomwe wa mwaka wako, si wa kaka yako.

Kwa nini usijilinganishe na kaka yako

Hilo la kaka si utani. Mwaka 2014 na 2015 madaraja yalibadilishwa, ukaja mfumo wa GPA, na mwanzoni mwa 2016 serikali ikaagiza divisheni zirudi. Katika ile miaka miwili A ilianzia maksi 75, kulikuwa na B+ kuanzia 60, B kuanzia 50, C kuanzia 40. Leo A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40.

Mchukue mtu aliyepata maksi 50 katika kila somo la PCB. Mwaka 2014 alikuwa na BBB, na kwa mizani ya udahili ya miaka ile B ilikuwa 3, kwa hiyo pointi 9. Leo maksi zile zile ni DDD, pointi 6. Ni kichwa kile kile na maksi zile zile, lakini mmoja yuko juu ya kizingiti kwa raha zake, mwingine amening'inia ukingoni.

TCU walilijua hilo. Kwa sifa ya jumla ya kuingia chuo kikuu, prinsipo kwa waliomaliza 2014 na 2015 ilihesabiwa kuanzia C, kwa waliomaliza baadaye kuanzia E. Ukisikia hivyo unaweza kudhani wamependelewa hawa wa baadaye. Rudi kwenye maksi: C ya 2014 ilianzia 40, na E ya leo inaanzia 40. Mstari ni ule ule, herufi tu ndizo zilizohama. Somo la kihistoria hapa ni kwamba herufi na pointi ni majina. Majina yanabadilishwa na mamlaka, na ukilinganisha majina ya miaka tofauti bila kurudi kwenye maksi, utapotea.

Kizingiti si mstari wa kukatia

Tufike sasa kwenye swali lenyewe: nafasi yako ni kiasi gani?

Pointi 6 zinakupa haki ya kuomba. Anayepata ni yule aliye juu ya mstari wa kukatia, na mstari huo hauandikwi na mtu. Unatokea wenyewe, baada ya waombaji kupangwa na viti kuisha. Tufanye mfano wa kubuni. Chuo kina viti 150. Waombaji wenye pointi 13 kwenda juu wako 90, wote wanaingia. Vimebaki viti 60. Wenye pointi 12 wako 80. Hapo mstari umekatia katikati ya watu wenye pointi sawa: 60 kati ya 80, yaani robo tatu wanaingia na robo moja wanabaki nje wakiwa na matokeo yale yale.

Kwa nini msongamano huo? Kwa sababu ukiacha S na F, jumla ya pointi za masomo matatu huanzia 3 na kuishia 15. Kuanzia kizingiti cha 6 zimebaki ngazi 10 tu za kuwapanga maelfu ya watu. Lazima wengi wakanyagane kwenye ngazi moja, na hapo daraja la somo moja moja linaweza kuwa ndilo linaloamua.

Kutokana na mfano huo unapata mambo matatu ya kuondoka nayo.

La kwanza, mstari wa mwaka jana ni dira, si ahadi. Wakiongezeka waombaji wenye A, au viti vikipungua, mstari unapanda. Chuo kikifunguliwa kwingine, unashuka. Ukiwa juu ya mstari wa mwaka jana kwa pointi mbili au tatu, lala usingizi. Ukiwa juu yake kwa pointi moja au uko sawa nao, hesabu kwamba lolote linawezekana.

La pili, kila chuo kina mstari wake. Kuwa chini ya mstari wa Muhimbili hakusemi chochote kuhusu Ifakara, Mwanza au Moshi. Wale wanaokwambia "hupati" mara nyingi wana chuo kimoja kichwani.

La tatu, awamu ya pili ni halali kabisa. Kwa kuwa sasa mtu huomba vyuo kadhaa kimoja kimoja, wenye matokeo makubwa huchaguliwa zaidi ya mara moja, lakini mtu ana mwili mmoja. Anathibitisha chuo kimoja, viti vingine vinarudi sokoni. Aliyekata tamaa baada ya awamu ya kwanza amewaachia wengine viti hivyo. Vilevile ukichaguliwa, thibitisha kwa wakati, usije ukapoteza kiti ulichokishinda.

Je, pointi zinamjua daktari?

Kama wana sayansi, hatuwezi kuishia kwenye "utapata au hutapata". Tunapaswa kuuliza: anayepata pointi 14 atakuwa daktari bora kuliko wa pointi 8?

Mwaka 1979 chuo cha udaktari cha Texas kilichoko Houston, Marekani, kilikuwa kimeshachagua wanafunzi 150. Bunge la jimbo likaagiza wafike 200. Wale 50 wa nyongeza wakatolewa kwa watu waliokuwa wamekataliwa, walioko chini kabisa kwenye orodha ya waliosailiwa. Watafiti wakawafuatilia, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987: hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili, darasani wala wodini. Tuwe waangalifu tu: kilichotenganisha makundi yale kwa kiasi kikubwa kilikuwa usaili, si maksi. Kwa hiyo utafiti ule hausemi maksi ni bure. Unasema kwamba watu waliokwisha kupita kizingiti kizuri hufanana kuliko orodha inavyodai.

Mkulima wa Kilosa atalielewa hili haraka. Ukichekecha mbegu za mahindi ukabakiza kubwa tu, huwezi tena kutumia ukubwa kubashiri ipi itaota vizuri, kwa sababu zote zilizobaki zinakaribiana. Ukubwa ulifanya kazi yake kwenye chekecheke. Kuanzia hapo yaliyobaki ni udongo, maji na mkono wa mkulima. Pointi nazo ni chekecheke: zinafaa kumzuia asiyeweza Kemia ya mwaka wa kwanza, lakini ndani ya waliopita zinachoka haraka.

Na kuna jambo ambalo chekecheke haioni kabisa. D ya Fizikia iliyopatikana shule isiyo na maabara, ambako mwalimu wa Fizikia alipatikana kidato cha sita muhula wa pili, haiwezi kuwa kitu kimoja na D ya shule yenye kila kitu. Pointi zinaandika 2 kwa wote. Ni lile tatizo la Tabora na Makerere, limevaa nguo mpya.

Mlango wa ubavuni

Ndiyo maana ni vizuri kwamba historia yetu haikuacha mlango mmoja. Mwaka 1961 Waswisi walianzisha kituo cha mafunzo ya watumishi wa afya Ifakara, miaka 4 baada ya kufungua maabara yao ya utafiti pale pale, na kwa miongo mingi vijiji vyetu vilitibiwa na matabibu na waganga wasaidizi kuliko madaktari wenye shahada. Njia hiyo bado ipo. Kilosa yenyewe ina chuo cha matabibu. Mwenye stashahada ya tabibu aliyefaulu vizuri, kwa wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na mwenye masomo ya sayansi yanayotakiwa kwenye cheti chake cha kidato cha nne, anaweza kuomba udaktari wa shahada bila kupita kidato cha sita. Ni njia ndefu zaidi. Lakini anayeipita anaingia darasa la mwaka wa kwanza akiwa ameshagusa mgonjwa, na kwa namna fulani anatimiza kile Azimio la Musoma lilichokuwa likikitafuta: mtu aliyepimwa na kazi kabla ya kupimwa na chuo.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Mabwerebwere, matokeo yakitoka fanya hivi. Toa pointi zako za divisheni kwenye 18. Hakikisha hakuna S ndani ya PCB. Soma mwongozo wa mwaka huo, somo kwa somo. Omba chuo kimoja cha ndoto, viwili vya uwezo wako na kimoja cha uhakika. Awamu ya kwanza ikikupita, subiri ya pili. Na kama umeangukia 13 badala ya 12, jua kwamba umekosa mlango mmoja kwa daraja la somo moja, na uulizie stashahada kabla hujaambiwa na mtu yeyote kijiweni kwamba udaktari haukuwa wako.